Jibu la Shikamoo

Kwa Zuhura, utakayekuwa umekwisha kuvuka maji utakapoyasoma haya,

Sanduku lako limefungwa kamba, na jirani yetu Bi Salma amekuusia kila kitu tangu alasiri: usisimame ubavuni mwa meli, usile cha mtu usiyemjua, usimjibu kijana anayejitia kukubebea mzigo. Katika hayo sina la kuongeza. Mama yako anakungoja Dar es Salaam, na mambo ya nyumba ni yake. Mimi nina jambo moja, nami naliandika kwa kuwa nikikwambia ana kwa ana utakataa kupanda meli.

Barua nimeishona ndani ya mto wako, na mama yako nimempelekea ujumbe aufumue kabla hujaulalia. Basi sasa uko kwake, umekula, labda umelia kidogo. Na mimi nimekwisha kwenda ofisini kwa Bwana Feruzi, yule mkubwa anayetoa vibali vya kusafiri, nikamwambia kwamba karatasi aliyoniwekea mezani sitaitia saini. Kibali chako alikitoa ili nami nimpe saini hiyo. Nimepokea kibali, saini nimemnyima. Kwa hilo watanichukua, na nataka ujue kwa nini, asije mtu akakwambia kwamba baba yako alikuwa mkaidi tu.

Yote yalianza na neno moja, na neno hilo unalijua. Jang'ombe nzima inalijua, na wapo wanaoniita mpaka leo Bwana Nyanyuka, wakidhani sisikii. Lakini ulikuwa mdogo, na uliyoyapata ni vipande vya maneno ya watu. Chukua kwangu kitu kizima.

Nilirudi kutoka chuo kikuu kule Kampala nikiwa na shahada, ndevu na hasira. Hasira ilikuwa ya kweli. Babu yako, Mzee Vuai, mtu wa Tumbatu aliyehamia mjini kutafuta riziki, alibeba magunia ya karafuu bandarini mpaka mgongo ukapinda. Nilipokuwa mtoto nilimwona amesimama mbele ya karani mwenye umri wa kuwa mwanawe, kofia mkononi, akisema, "Shikamoo, bwana." Karani hakuitikia. Alimwonyesha gunia kwa ncha ya kiatu. Picha hiyo niliichukua nikaenda nayo Kampala, nikaigeuza hotuba. Nilipopanda jukwaani, wanafunzi walikaa mpaka madirishani. Niliwauliza: ni watu gani hawa ambao salamu yao ya kwanza ni kushika miguu? Ni ulimi gani huu unaopiga magoti kabla mwenyewe hajapiga? Nilikuwa nimesoma maktabani kwamba shikamoo asili yake ni nashika miguu yako, na niliamini kwamba mtu akishajua neno limetoka wapi, amelijua neno.

Basi Januari ile ya sitini na nne ilipowaka, sikuwa mtazamaji. Niliitaka. Sitajifanya leo kwamba nilikuwa chini ya uvungu. Asubuhi ya kwanza palikuwa na maiti njiani zilizofunikwa makuti, na maiti ambazo hakuna aliyejali kuzifunika. Nilizipita. Nilijiambia kwamba historia ni uzazi, na uzazi una damu. Hivyo ndivyo tulivyosema sisi tuliosoma, na tulisema kwa sauti nzuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kumfumba macho mtu.

Kila mtaa uliweka kizuizi chake. Chetu kilikuwa mapipa ya lami na kitanda cha besera, cha nguzo nne, kilichotolewa katika nyumba ya watu waliokimbia. Mkuu wa kizuizi alikuwa Feruzi, wakati huo fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Mimi nilifanywa katibu kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Palihitajika neno la siri: mlinzi analitamka, na anayepita anatoa jibu lake. Asiye na jibu si mwenzetu. Maneno ya mwanzo yalikuwa majina ya samaki, na kila yalipochaguliwa asubuhi, jioni yalikuwa yakichezewa na watoto. Feruzi akaniita.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Tupe neno ambalo adui hatalipata hata akilala kitanda kimoja na sisi."

Nilipanda juu ya pipa. Laiti ungeniona, Zuhura. Nilikuwa kijana, jua usoni, na watu wamenizunguka na mapanga yao kama shamba la miwa.

"Mlinzi atasema Shikamoo," niliwaambia. "Ndugu yetu atajibu Nyanyuka. Kwa nini? Kwa sababu zama za kushikana miguu zimezikwa. Bwana aliyezoea kushikwa miguu ataropoka Marahaba, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa."

"Na akisema Marahaba?" aliuliza mmoja.

"Atakuwa amejihukumu kwa kinywa chake."

Walinishangilia mpaka pipa likatetemeka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi kesho bibi yangu hafiki kisimani," watu wakacheka, nami nikacheka. Hotuba yangu yote ilikuwa imekwisha kupata jibu lake pale pale, kutoka kwa mtu ambaye sikujua jina lake, na tuliliacha lipite kama mzaha.

Nyumbani nilikwenda kumfundisha babu yako. Alikuwa barazani, anashona kofia.

"Mtoto akiniamkia nimwambie nyanyuka?" aliuliza. "Kwani kaanguka?"

"Baba, ni neno la siri."

"Siri gani, na mtaa mzima mnapiga makelele?"

"Hebu tujaribu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba."

"Aa. Nyanyuka. Nshalishika. Haya, tena."

"Shikamoo."

"Marahaba."

Alicheka mpaka sindano ikamponyoka. "Mimi hilo silisemi, we. Linajisema."

Nilikasirika. Nilimwambia, baba yangu mzazi, kwamba ulimi wa mtumwa nao lazima ukombolewe, hata kwa nguvu. Aliinama akaanza kuitafuta sindano yake sakafuni, na mimi sikumsaidia kuitafuta. Nilimwambia tu asitoke peke yake, na kwamba Ijumaa nitampeleka msikitini mwenyewe.

Ijumaa nilikuwa nahutubia.

Alikwenda peke yake, na wakati wa kwenda hakuulizwa, maana walinzi walikuwa vijana wa mtaani waliokulia mkononi mwake. Aliporudi zamu ilikuwa imebadilika. Walisimama vijana walioletwa kutoka shamba, hawamjui. Palikuwa na jua kali la mchana, hakuna kilichofichika: mzee, kanzu nyeupe, msala umekunjwa kwapani. Mimi nilikuwa juu ya pipa langu, mgongo nimempa, nasema na watu. Nikasikia sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyelelewa vyema: "Shikamoo." Na nikasikia sauti niliyoijua kabla sijajua kusema, imejaa furaha ya kuamkiwa:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto wa wapi wewe?"

Feruzi alikuwa kivulini. "Kasema nini?"

"Kasema marahaba."

"Basi."

Panga la kwanza lilimpata kati ya shingo na bega. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, ameinua mkono kama mtu anayetaka kuuliza swali. Panga la pili liliondoka na vidole vya mkono huo. Rungu likampiga mdomoni. Niliruka, nikaanguka, nikaja kwa magoti katikati ya miguu ya watu nikipiga kelele kwamba ni baba yangu, ni baba yangu, na kijana mwenye panga akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Lakini kajibu vibaya, katibu," alisema. "Si wewe uliyetupa neno?"

Babu yako alikuwa ameanguka chali. Nilimfikia upande wa miguuni, na nilichokipata kwanza ndicho nilichokishika: miguu yake. Niliikumbatia kwa mikono miwili, uso wangu umezama katika kanzu iliyokuwa ikibadilika rangi. Alinielekezea macho. Akasema, kwa mdomo ule uliovunjika, "Nyanyuka." Sijui mpaka leo kama alikuwa akitoa jibu la kizuizi, amelikumbuka wakati umepita, au alikuwa ananiambia tu mimi mwanawe nisikae mavumbini. Alilisema tena. Kisha hakusema kitu.

Hatujamwosha bado, Feruzi akaja na karatasi. Ilisema kwamba Vuai, hamali, alikuwa mpelelezi wa maadui, alijaribu kuvuka kizuizi kwa hila, akauawa kwa haki. Utaratibu wetu, ambao niliuandika mimi, ulitaka kila kifo cha kizuizini kiwe na saini mbili: ya mkuu, na chini yake ya katibu. Yake ilikuwa tayari, kubwa, wino haujakauka.

"Tia hapa," alisema.

"Alikuwa anatoka msikitini."

"Najua alikotoka. Saini yangu peke yake ni maneno ya Feruzi. Yako ikikaa chini yake, yanakuwa maneno ya kamati. Mwanawe mwenyewe kathibitisha, nani tena atauliza?"

Nilikataa. Usidhani ni ushujaa; nilikuwa sina nguvu za kushika kalamu, na kukataa kulikuwa kwepesi kuliko kukubali. Walinipeleka Mji Mkongwe, katika ghala lililokuwa la mbata, na harufu ya nazi kavu mpaka leo hunitapisha. Waliuweka mkono wangu wa kulia kwenye mwimo wa mlango, wakaufunga mlango. Wakaufungua, wakaniuliza, wakaufunga. Ni mlango wa aina ile wanayoipiga picha wageni, mzito, wenye misumari ya shaba. Nilisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Siku ya pili Feruzi alikuja kutazama kazi, akauona mkono, akawageukia vijana wake.

"Majuha nyie," aliwaambia. "Mkono huo ndio nilioutaka."

Wakaniachia. Nilikuwa sina faida tena. Ndiyo sababu naandika kwa kushoto, na mwandiko wangu, ambao wewe huucheka, umelala kama majani yaliyokanyagwa.

Miaka minane karatasi ile imekaa na saini moja. Feruzi amepanda, ana gari, ana mlinzi mlangoni, ana watu wanaosimama akiingia. Sasa anatazamiwa kupewa cheo kikubwa zaidi, na wanaompa wanafunua majalada yake. Wiki iliyopita aliniita ofisini, akaniagizia kahawa.

"Zuhura kawa mkubwa," alisema. "Kapata nafasi ya skuli Dar, na mama yake mgonjwa tulimruhusu akatibiwe huko huko. Mtoto wa kike haifai akae na baba peke yake."

"Kibali kiko kwako."

"Nshakiandika." Akakisukuma mezani. Kisha akasukuma na ile nyingine, imegeuka rangi kama jani kavu la mgomba. "Mtoto asafiri kwanza. Meli ikishatoka, wewe njoo hapa utie. Safari hii sikulazimishi. Ya kulazimishwa tulishaijaribu, ukaona ilivyokuwa."

"Na nisipotia?"

"Utatia. Usipotia, mkeo na binti yako watapata barua ya kuwaita nyumbani, kwa mwandiko wako na saini yako. Mwandiko wako wa siku hizi hata tarishi wangu anauweza." Alicheka kwa adabu, kama mtu anayesifu chakula. "Si watakuja mbio? Baba anaumwa."

"Nitakuja," nilimwambia. Katika hilo sikumdanganya.

Mama yako atakapofika hapa katika barua atasema: si ungetia tu? Mzee amekwisha kufa, wino haumwumizi. Najua atasema, kwa kuwa mimi nimejisemea hivyo wiki nzima.

Lakini nimefikiri sana juu ya mtu wa pili. Sisi wasemaji tunajiona ndio tunaoiendesha dunia kwa kuwa tunatamka kwanza. Mtu akisema uongo peke yake, ni mtu mmoja amesimama na uongo wake, na mvua ikinyesha ataondoka. Uongo wa Feruzi umeshindwa kutembea kwa kukosa jina moja chini yake, jina langu mimi, mwalimu wa skuli mwenye mkono mbovu. Nami juu ya pipa nilikuwa kelele tu mpaka waliponishangilia. Wale waliopiga makofi ndio walionitilia saini. Kijana wa panga alisitasita. Nilimsikia: alisema "Kasema marahaba" kwa sauti ya kuuliza. Alikuwa anatafuta wa pili, akampata kivulini. Angempata mwingine, babu yako angekuja nyumbani kula.

Huko uliko utaombwa jambo hili kwa sura ndogo ndogo. Msichana mmoja darasani atamsema mwenzake, kisha atakugeukia: "Au siyo, Zuhura?" Hapo pana nafasi, fupi kama pumzi, kati ya neno lake na lako. Watakuharakisha ndani yake. Sina kanuni ya kukupa. Mimi sikuwahi kukaa katika nafasi hiyo mpaka nilipowekewa karatasi ya baba yangu, na niliingia nikiwa nimelowa damu yake. Nakuombea uijue kwa bei nyepesi kuliko hiyo.

Na waamkie watu. Najua tangu siku ile umekataa; wazee unawaambia "habari" na kukimbia macho yao, nao hudhani hatukukufunza adabu. Sikuwahi kukukemea, kwa kuwa nilijua ni nani aliyekuharibia neno hilo. Lakini babu yako alilipenda. Alilitoa kama mtu anayekukatia kipande cha mkate wake. Neno halikuua mtu, mwanangu. Walioua wana majina, na langu limo.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo la lazima. Feruzi atawaandikia. Barua itafika, labda mwezi huu, labda mtakapokuwa mmekwisha kusahau kuiogopa. Itasema naumwa, au nimesamehewa, au mambo yametulia na nyumba inakuulizia. Itakuwa na saini yangu. Pengine nitakuwa nimeitia mwenyewe, maana niliwahi kuvumilia mara moja na sijui mwili huu una nini kilichobaki. Jioni hii nilikaa nikitafuta neno la kukupa, la mimi na wewe tu, ambalo likikosekana katika barua utajua kwamba si yangu. Nilifikiri jina la paka wako aliyekufa. Nilifikiri lile tusi ulilojifunza kwa wauza samaki, nikakupiga, kisha nikacheka. Kila nililolipata niliona wazi jinsi litakavyong'olewa kinywani mwangu, kama jino, na kupelekwa kwako likiwa bado na joto.

Basi sikupi neno. Hakuna. Barua yoyote itakayokuita urudi Unguja haina jibu la kuithibitisha, iwe kwa mkono wangu, iwe kwa kiapo, iwe na jambo ambalo sisi wawili tu ndio tunaolijua. Hata ikiwa nimeiandika mimi, usiitii. Isome kama unataka kuona mwandiko wangu. Kisha ikunje, umshike mama yako mkono, na mkae mlipo.

Baba yako